Mtoto Apewe Zamu ya Kusema

Tangu mwaka wa 2023, Serikali ya Kaunti ya Nairobi imekuwa ikiwapikia chakula cha mchana watoto wa chekechea na wa shule za msingi za umma kupitia mpango uitwao Dishi na County. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani, na gharama iliyosalia hubebwa na kaunti pamoja na washirika wake. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa la watoto wenye njaa hahitaji kuhubiriwa manufaa ya mpango huo. Mwenye njaa hana miiko, walinena wahenga, na wala hana masikio ya kumsikiliza mwalimu.

Hata hivyo, mtoto hakuumbwa tumbo pekee. Ana ulimi pia, na ulimi nao hulishwa. Hulishwa kwa mazungumzo, na usipolishwa katika miaka mitano ya kwanza hudumaa, ijapokuwa kudumaa kwake hakuonekani kwa macho kama kule kwa mwili. Nia yangu katika makala haya ni kuuliza swali ambalo sijalisikia likiulizwa katika mikutano ya hadhara, si Jacaranda wala Kamukunji: watoto wetu wa Eastlands huzungumza na nani, kuhusu nini, na kwa muda gani, kabla ya kufika Gredi ya Kwanza?

Swali hili lina mwenyewe. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo, wakuu wa City Hall hawana wa kumrushia mpira. Nasi wazazi hatuna budi kujiuliza tunalolifanya nyumbani, kwani mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hebu msomaji atembee pamoja nami kutoka Kaloleni na Makongeni, apitie Jericho na Umoja, hadi Kayole na Dandora. Kila baada ya hatua chache ataona ubao wa "akademia". Ndani yake watoto wa miaka mitatu wamebanana vitini, wakiimba a, e, i, o, u kwa sauti moja, kisha wakizinakili herufi hizo daftarini. Jioni mzazi hulifungua daftari, akaziona alama nyekundu za vema, akaridhika kwamba karo yake haikupotea. Sina ugomvi na herufi. Zina wakati wake. Lakini katika saa hizo zote, aghalabu mtoto huwa hakuulizwa hata swali moja ambalo mwalimu hakuwa na jibu lake tayari. Hakusimulia jambo. Hakubisha. Aliitikia tu, na mwenye kuitikia hajasema.

Nyumbani nako hali si tofauti sana. Baba amerudi kutoka Industrial Area, mama ametoka Gikomba, na giza limeshaingia. Chumba ni kimoja, nacho ndicho jikoni, sebule na mahali pa kulala. Mtoto akianza kuulizauliza, huambiwa anyamaze ili taarifa ya habari isikike, au hukabidhiwa simu atazame katuni. Akikaa kimya, majirani humsifu kuwa ana adabu. Nani atawalaumu wazazi hawa? Wamechoka, nao wanaamini kwamba kazi ya kufunza imeshalipiwa huko akademia.

Matokeo yake tumeyaona. Shirika la Uwezo, lililoanza kuwapima watoto majumbani nchini Kenya mwaka wa 2009, liliripoti kwa miaka kadhaa kwamba ni takriban watoto watatu tu katika kila kumi wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Tulimlaumu mwalimu. Tukaulaumu mfumo wa 8-4-4, na mtaala mpya wa umilisi ukaanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019. Huenda lawama hizo zilikuwa na haki yake. Lakini kusoma ni kulikutanisha neno lililo karatasini na neno lililo kichwani. Mtoto asiye na neno kichwani ataitamka silabi baada ya silabi, tena kwa ufasaha, asiambulie maana yoyote. Chanzo cha upungufu huu hutangulia darasa la tatu kwa miaka mingi.

Yapo maarifa kuhusu jambo hili, wala si ya jana. Mwaka wa 1988, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Grover Whitehurst na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililofanyika New York. Waliwachukua wazazi waliokuwa na watoto wa miaka miwili hivi, wote wakiwa na mazoea ya kuwasomea watoto wao vitabu vya picha. Nusu yao walifunzwa kusoma kwa namna nyingine: wamuulize mtoto maswali yasiyojibika kwa ndiyo au la, walipokee jibu lake, waliongeze kidogo, kisha wamwachie nafasi aendelee. Nusu ya pili waliendelea kusoma kama walivyozoea, mara nyingi vilevile. Mwezi mmoja ulipokwisha, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewatangulia wenzao kwa takriban miezi minane na nusu katika kipimo cha kujieleza.

Msomaji atanabahi hapo. Makundi yote mawili yalikuwa na vitabu. Makundi yote mawili yalisomewa. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ni nani aliyekuwa akisema. Katika kundi moja mtoto alikuwa msikilizaji. Katika kundi la pili alifanywa msimulizi, na mzazi akageuka kuwa msikilizaji wake.

Najua atakayesema kwamba hao walikuwa watoto wa watu wenye nafasi, huko ughaibuni. Ni haki kuuliza. Lakini mwaka wa 1992 Whitehurst na Marta Valdez-Menchaca walichapisha jaribio jingine, la watoto wa familia maskini katika kituo cha kulelea watoto nchini Mexico, na faida ikaonekana tena. Mwaka wa 2015, Zahir Vally na wenzake walichapisha matokeo kutoka Khayelitsha, mtaa wa watu wa kipato cha chini ulio kando ya jiji la Cape Town. Walezi wa watoto waliokuwa na umri wa miezi 14 hadi 16 walifunzwa kwa wiki nane namna ya kutazama kitabu pamoja na mtoto. Lugha ya watoto hao ilikua kuliko ya wenzao, na uwezo wao wa kutuliza fikira ukaongezeka. Anayeijua Khayelitsha na Mathare atakubali kwamba mabati ya huku na ya kule hayatofautiani sana.

Na hapa kwetu je? Mwaka wa 2020 Heather Knauer, Pamela Jakiela, Owen Ozier, Frances Aboud na Lia Fernald walichapisha utafiti walioufanya vijijini magharibi mwa Kenya. Waliwashirikisha walezi 357 na watoto 510 wenye umri kati ya miaka miwili na sita. Vitabu vilitayarishwa kwa kuzingatia lugha na mazingira ya wenyeji. Baadhi ya walezi walipewa vitabu peke yake, na wengine wakapewa vitabu pamoja na mafunzo ya namna ya kuvizungumza na mtoto. Mafunzo yalipoambatana na vitabu, walezi walisoma na watoto mara nyingi zaidi na kwa namna bora zaidi, na watoto wakaweza kuyataja maneno mengi zaidi yaliyokuwa katika vitabu hivyo.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili: watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika angalau sawa na watoto wa walezi wanaojua, na katika baadhi ya vipimo walifaidika zaidi. Yaani nyanya asiyewahi kukanyaga darasa anaweza kumlea mjukuu kwa kitabu. Picha haihitaji cheti. Huhitaji kujua herufi ili uulize, "Huyu anakimbia nini?"

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kitabu cha picha ni dawa ya kila ndwele. Watafiti hao wa Kenya walipima maneno, na maneno waliyoyaona yakiongezeka yalikuwa yale ya vitabuni. Hakuna aliyeahidi kwamba kurasa kumi na mbili zitamfikisha mtoto chuo kikuu. Hata hivyo, lugha hujengwa kama ukuta, tofali juu ya tofali, na anayedharau tofali moja hatajenga ukuta.

Sasa tulitazame jambo lenyewe linavyotendeka. Tuseme kitabu kina picha ya mwanamke aliyechutama mbele ya jiko la makaa. Mama anauliza, "Huyu anafanya nini?" Mtoto anajibu, "Mathe anapika chapo." Mama anasema, "Naam, mama anapika chapati. Mbona hii ni nyeusi?" Mtoto: "Imeungua." Mama: "Kwa nini imeungua?" Mtoto anafikiri, anaitazama picha, anacheka: "Alikuwa anaongea na simu!" Mama anamalizia: "Kumbe! Chapati imeungua kwa sababu mama alikuwa akizungumza kwenye simu. Hebu nawe niambie ilivyokuwa." Mtoto anasimulia upya, na safari hii sentensi yake ina "kwa sababu" ndani yake.

Hayo hayakuchukua hata dakika mbili. Lakini mtoto ametoka kwenye maneno matatu akafikia sentensi yenye chanzo na matokeo. Hakuna aliyemkemea, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosea. Alichokisema kilipokewa, kikavishwa nguo bora zaidi, kikarudishwa kwake. Hii ndiyo siri yote, nayo ina hatua nne: uliza, pokea, panua, mwachie arudie. Televisheni haiwezi kuifanya kazi hiyo, na katuni ya simuni vilevile, kwa kuwa hazingoji jibu.

Pengine kuna atakayesema kwamba tunaletewa mambo ya Kizungu. Nauliza: ni Mzungu gani aliyetufundisha "Kitendawili!" na "Tega!"? Msimulizi wetu wa kale hakuthubutu kuanza ngano kabla ya kusema "Paukwa!" na hadhira ikamjibu "Pakawa!" Alisimama katikati ya hadithi akauliza, "Mwadhani sungura alifanya nini?" Watoto wakabishana, na aliyeshindwa kitendawili akatoa mji. Jadi yetu ya kusimulia imekuwa ya kupokezana tangu zamani. Tulipohamia mjini, jioni ya moto ilibaki mashambani, nyanya naye akabaki huko, na mahali pake pakachukuliwa na redio, kisha televisheni, na sasa simu. Kitabu cha picha kinatupa fursa ya kuirejesha ile "Paukwa" katika chumba cha futi kumi kwa kumi.

Hapa ndipo linapozuka suala la lugha, nalo ni zito katika Eastlands kuliko mahali pengine. Mitaa hii ndiyo iliyoizaa Sheng. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliiandikia makala mwaka wa 1997, na Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018, ameieleza kuwa lahaja ya Kiswahili cha Kenya. Wazazi wengi huiogopa kama ndui. Hukimbilia Kiingereza, hata pale ambapo wao wenyewe wana Kiingereza cha kuombea maji tu. Matokeo ni kwamba mtoto husemeshwa kwa amri fupi fupi, "kaa chini", "njoo", "acha", tena kwa lugha ambayo mzazi hawezi kuisimulia hadithi wala kuifanyia mzaha. Mzazi wa namna hiyo amejifunga ulimi mwenyewe, na akimfunga mwanawe pamoja naye.

Sera yetu ya elimu ni wazi kuhusu hili. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, pendekezo limekuwa kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lake, na mijini, panapochanganyika makabila, lugha hiyo iwe Kiswahili. Katika Eastlands, basi, zungumza na mwanao kwa lugha unayoimudu: Kiswahili, Kikamba, Dholuo, Kikuyu, Kisomali, almuradi iwe lugha unayoweza kuichekea. Akileta neno la Sheng, lipokee kama yule mama alivyolipokea "chapo", umrudishie chapati. Sheng haitamla mtoto. Ukimya ndio utakaomla.

Nimekwisha kusema kwamba wazazi wamechoka, nami siwadai saa nzima. Nadai dakika kumi kabla ya kulala. Lakini ingekuwa dhuluma kumtwika mzazi mzigo wote, ilhali saa nyingi za mtoto wa Eastlands hupitia mikononi mwa mama wa deikea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill na kituo cha APHRC cha hapa Nairobi walichapisha mwaka wa 2019 utafiti wao wa Korogocho, ukionyesha kwamba akina mama waliosaidiwa kulipia deikea walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kazi. Hivyo deikea zitaendelea kuwapo, maadamu akina mama wanahitaji kazi. Swali ni watoto wanafanya nini humo kuanzia alfajiri hadi jioni. Mara nyingi ni chumba kimoja, mlezi mmoja, watoto wengi na televisheni moja. Mlezi huyo hana mafunzo wala kitabu, na wala hajawahi kuambiwa kwamba kusemezana na watoto ni sehemu ya kazi yake.

Vitabu navyo vitoke wapi? Soko letu la vitabu limeelemea vitabu vya kiada, kwa kuwa ndivyo serikali inavyonunua. Mchapishaji anayetoa kitabu cha picha cha Kiswahili kwa mtoto wa miaka miwili hana hakika ya kukiuza. Mwaka wa 2013 sheria mpya ya VAT ilivitoza vitabu kodi ya asilimia 16, na wachapishaji wakapiga kelele bila ya kusikizwa. Jirani zetu wa Tanzania waliwahi kulitatua tatizo la namna hii kwa busara. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa huko mwaka wa 1991, ulimhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala zake za Kiswahili itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Mchapishaji akapata moyo, mwandishi akapata kazi, mtoto akapata kitabu. Kuna pia hadithi za African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, ambazo tangu mwaka wa 2014 zimetolewa bure katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, na zinaweza kupigwa chapa na yeyote bila ya kulipa haki miliki.

Maktaba tunazo, hata kama ni chache. Ile ya McMillan katikati ya jiji ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuikanyaga. Matawi yake mawili yamo Eastlands, moja Kaloleni na jingine Makadara. Katika miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limeyakarabati matawi hayo kwa ushirikiano na kaunti, na watoto sasa wana mahali safi pa kukaa na kusoma. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini mtoto wa miaka miwili wa Kayole hawezi kwenda Makadara peke yake. Kitabu ndicho kinachopaswa kumfuata.

Kwa hivyo, napendekeza mambo manne. Kwanza, kaunti itenge fungu la kununulia vitabu vya picha vya Kiswahili, na ijifunze kutoka Tanzania kwa kuwahakikishia wachapishaji soko. Vitabu hivyo visiwe vya fisi na sungura peke yao. Viwe na matatu, mkokoteni, foleni ya maji, ngazi za ploti na nguo zilizoanikwa juu ya paa, ili mtoto aone kitu anachoweza kukisema. Pili, vitabu viwekwe katika masanduku yatakayozunguka kutoka maktaba za Kaloleni na Makadara hadi kwenye chekechea na deikea, yakibadilishwa kila mwezi. Tatu, walimu na walezi wapewe mafunzo mafupi ya zile hatua nne. Vitabu visivyoandamana na mafunzo vitaishia kabatini, vikiogopwa kuchanika. Nne, wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ilizindua kikosi chao cha watu zaidi ya 100,000 nchini kote mwaka wa 2023, waongezewe kitabu kimoja cha picha katika mikoba yao. Wao hubisha hodi majumbani tayari. Anayempima mtoto uzito anaweza pia kumwonyesha mama namna ya kumuuliza mtoto swali na kungoja jibu.

Gharama yake si ya kutisha. Kitabu kimoja cha kurasa nene hushikwa na watoto wengi kabla ya kuchakaa, na mafunzo ya walezi hayahitaji hoteli ya Naivasha. Kinachohitajika ni kukubali kwamba maneno ni chakula, na kwamba anayemnyima mtoto mazungumzo amemlaza njaa ijapokuwa sahani yake ilikuwa imejaa.

Wahenga walituusia kumkunja samaki angali mbichi. Sisi wa Eastlands tumelishika neno la kukunja, tukawakunja watoto wetu kwa viboko, kwa daftari na kwa "nyamaza". Umefika wakati wa kuukunjua ulimi wao. Mpe mtoto picha, muulize anachokiona, kisha unyamaze wewe.